Waya Katika Mfuko wa Suti ya Harusi

Jumamosi, 4 Oktoba 1986

Na tena si kwamba nimekuchukia, Kavetsa. Wewe tuliyekaa dawati moja tangu Form One, ukanishikia shela kanisani mwezi wa nane, nitakuchukia kwa lipi? Ni ile barua yako ya mwisho. Nilikuwa namsomea Elphas kwa sauti tukicheka, mpaka nikafika pale unaposema bwana yako anauliza mume wangu alisoma wapi, kiwanda gani anafanya kazi, na marafiki zake ni akina nani. Elphas akaacha kula. Akasema, "Njambi, hiyo usiijibu." Nikauliza mbona. Akasema ugali umepoa.

Bwana yako ni askari polisi hapo Turbo, na mwaka huu watu wanachukuliwa kwa sababu ya karatasi za siasa tu. Kwa hivyo sitakuandikia barua. Nitakuandikia humu, kwenye daftari la hesabu ambalo sikulimaliza shuleni, halafu nalificha nyuma ya debe la unga. Hutasoma. Lakini nisipokuambia wewe mambo yangu nitapasuka.

La kwanza: nina furaha mpaka naona aibu kutoka nje. Asubuhi Elphas akivaa ovaroli yake ya bluu mimi nasimama mlangoni kama mtu anayetazama gwaride. Akirudi jioni ananuka mafuta ya mashine na sabuni ya kipande, na sijui manukato gani ya Nairobi yanaweza kushinda hayo. Anaimba akiosha uso. Kuimba kwenyewe hajui.

La pili: kuna kampuni ya wazungu inayotafuta mafuta kule kaskazini, njia ya Lodwar. Wanataka mainjinia, na Elphas wangu ameitwa intavyu hapa mjini Eldoret, kwenye hoteli. Baba yake amezeeka, na yeye mwenyewe hapa kiwanda cha mablanketi hapandi cheo, na kila akipita ofisi ya meneja anainamisha kichwa. Sijajua kwa nini. Najua tu kwamba kazi hii akiikosa kuna kitu ndani yake kitazimika.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeona kitu sikuelewa. Nilikuwa natoa suti yake ya harusi kwenye sanduku niipige pasi, na chini kabisa nikakuta leso imefungwa fundo. Ndani kuna waya. Kipande cha waya mnene, umeshika kutu, umesokotwa na kukatwa upande mmoja.

Mtu anaficha waya kwa nini? Ingekuwa picha ya msichana ningelia nikamaliza. Nimefikiria uganga, nikajikemea maana yeye ni mtu wa kanisa. Nimefikiria mambo ya siasa, nikaenda kufunga mlango. Nimerudisha kama nilivyokuta. Wakati wa chai alinitania kwamba nimechoma mkate nikimuwaza yeye. Nilicheka. Macho yangu yalikuwa kwenye sanduku.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jua kali. Tumekata mahindi ya kishamba chetu cha kukodi na kuyasimamisha matita. Simeon wa jirani alisaidia bila kuombwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa intavyu ya kwanza! Nilimnyoosha suti mpaka kola ikasimama. Alivyotoka hivyo, na viatu amevibeba mkononi kwa ajili ya tope la hapa kwetu Yamumbi, nilitaka kuolewa naye tena.

Alirudi saa tisa. Waliomhoji ni watatu: mzungu mmoja mwenye shingo nyekundu, Mhindi mmoja aliyekuwa anaandika tu, na Bwana Kimeli, mtu wa huku kwetu, mpole, mwenye kofia ya manyoya. Walimuuliza pampu, walimuuliza presha, walimuuliza tope. Kumbe kule wakichimba wanashindilia tope zito ndani ya shimo ili gesi isipande. Likiwa jepesi, gesi inatoka na kuchoma kila aliye juu. Nikamwambia kama ni tope wangekuja Yamumbi wachukue bure. Alicheka, akaniambia alipotoa kitambaa ajipanguse jasho, vile vikaratasi mlivyoturushia kanisani vilimwagika kwenye zulia, vya waridi na vya bluu. Bwana Kimeli alisaidia kuokota.

Kisha akavua koti, akalikunja polepole. Nikamvuta maneno. Akasema kuna swali moja lilimkaa vibaya. Mzungu alimuuliza, "Ni lini ulisimamisha kazi bila ruhusa ya mkubwa wako?"

Nikasema hilo ni swali gani la kuuliza mtu anayeomba kazi?

"Ndilo na mimi najiuliza," alisema. "Nimewaambia sijawahi."

Jumatano, 15 Oktoba

Upepo. Mama wa ndizi kutoka Turbo amenipa salamu zako. Nimesema asante, nikaingia ndani haraka.

Jumanne, 21 Oktoba

Gari la kijivu lilisimama kando ya barabara karibu na kioski, mtu ndani, hakushuka. Nilihesabu nguo kwenye kamba mara nyingi sana ili nipate sababu ya kutazama. Simeon alipotoka kazini alilisogelea, akainama dirishani, wakaongea kama watu wanaojuana.

Sasa huyu Simeon Aloo nikuambie. Nyumba yetu na yake ni ukuta mmoja wa mbao. Ni karani hapo hapo kiwandani kwa Elphas, na koti lake halikosi beji ya chama, hata akienda chooni. Ananiita shemeji, ananichotea maji, anamuuliza Elphas kila jioni, "Mambo ya mafuta yamefika wapi?" Nilikuwa nafikiri ni roho nzuri. Lakini mtu anayeuliza kila jioni anampelekea nani majibu?

Kuanzia leo tukizungumza ndani nafungulia redio.

Jumanne, 28 Oktoba

Intavyu ya pili. Suti ile ile, shati lile lile, vikaratasi bado viko mfukoni, nimeviacha makusudi. Mahesabu yote amepata, hata Mhindi alitikisa kichwa kwa furaha. Halafu lile swali tena. Mzungu aliuliza, akasubiri. Bwana Kimeli naye akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Hakuna siku hata moja, Bwana Wamalwa, uliona mambo si sawa ukasema hapana?"

Elphas alisema, "Mimi ni mtu wa kufuata amri." Anasema Bwana Kimeli alitazama chini.

Mara mbili, Kavetsa. Anayeuliza mara mbili anajua jibu. Polisi ndio wanauliza hivyo, si watu wa mafuta. Nimemwambia Elphas asirudi huko. Akasema, "Nisiporudi watajua naogopa." Tumekula, redio ikisifu viongozi.

Jumapili, 2 Novemba

Tulikwenda Cheptiret kwa wazazi wangu. Unamjua Baba. Alipohamia huku kutoka Nyeri alikuja na mzani na begi la chumvi, na mpaka leo kila mtu anayeingia dukani anampima kwa macho kabla ya kupima sukari. Hakumpenda Elphas tangu mwanzo, eti Mbukusu atanipeleka mbali nisahau kwetu.

Elphas alipokuwa nje akimtengenezea Mama pampu ya kisima, Baba aliniita nyuma ya kaunta, chini ya picha ya Rais.

"Huyo bwana yako amewahi kulala ndani," alisema.

Nikasema ndani wapi.

"Njambi, usijifanye mtoto. Ndani kwa polisi. Mwaka jana. Watu wa lori wananunua soda hapa, wanaongea. Muulize."

Sikumuuliza. Njiani kurudi alinishika mkono kidole kwa kidole, nami niliubana kwa nguvu zote, na kichwani nikawa nasema: wewe ni nani? Wewe ninayekupenda hivi ni nani?

Sasa unaelewa kwa nini barua yako ilinitisha hata zaidi. Bwana yako alikuwa anauliza nini, kama si hilo?

Alhamisi, 6 Novemba

Wingu lilitanda kutoka upande wa Turbo tangu saa nne, jeusi kama sufuria. Mvua ya Novemba haina adabu, inakuta mahindi nje. Nilikuwa peke yangu shambani navuta turubai juu ya mahindi tuliyokwisha kumenya, upepo unanipokonya, mara gari la kijivu likasimama. Akashuka mtu mwenye kofia ya manyoya.

Nilijua ni nani kabla hajasema. Hakusalimu kwanza. Alivua koti, akashika upande wa pili wa turubai, akasema, "Vuta kwako, mama." Tukabeba magunia mpaka chini ya paa la jikoni, viatu vyake vizuri vikizama. Nikawaza: kachero anayebeba mahindi, huyo ndiye mbaya kuliko wote.

Mvua ikashuka. Sikuwa na namna, nikampa kiti na chai. Akasema kampuni inapenda kuwaona wake pia, kwa sababu mtu akienda kule anakaa wiki nyingi, na mke asipokubali kazi inaharibika. Akasifu chai. Akatazama sanduku la suti, au niliona hivyo. Kisha akaniuliza Elphas ni mtu wa namna gani nyumbani. Akiona jambo baya, anasema?

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikanyoosha mgongo kama tulipokuwa tukikariri mashairi mbele ya darasa.

"Mume wangu hana maneno," nikasema. "Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa nyamaza, ananyamaza. Hajawahi kubishana na mkubwa yeyote."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alizungusha kikombe. "Na wewe akikosea, unamwambia?"

"Mimi ni mke tu."

Alimaliza chai mvua ikipiga mabati. Halafu akasema pole, akavaa koti lililolowa. Mlangoni akageuka, akaniuliza kama tumesikia habari yoyote ya boila hapo kiwandani, mwaka jana. Nikasema sijui boila. Hapo sikusema uongo.

Alipoondoka nilijipongeza. Nimemlinda! Nimemlinda mume wangu kama simba jike. Elphas alipofika nikamsimulia yote huku nikimkausha nywele. Nilipotaja boila alinishika mkono, taulo ikaanguka.

Ijumaa, 7 Novemba

Elphas hakwenda kazini asubuhi, alisema tumbo. Tulikaa jikoni katikati ya magunia, akaniambia. Nakuandikia kama alivyosema, ili nisije nikasahau neno hata moja.

Boila ya kiwanda, lile tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, ina valvu ya usalama. Mvuke ukizidi, inafunguka yenyewe, mvuke unatoka, watu wanapona. Mwaka jana ilikuwa inafunguka kila mara kwa sababu boila ilikuwa imechoka, na kulikuwa na mablanketi ya kupeleka haraka. Meneja akaamuru valvu ifungwe kwa waya isifunguke. Elphas alipoingia zamu akakuta presha imepanda kuliko alivyowahi kuona na valvu imefungwa kama mbuzi. Akazima moto. Meneja akaja akipiga kelele. Elphas akachukua koleo, akakata waya mbele yake, mvuke ukatoka kwa mlio uliosikika mpaka mjini. Wafanyakazi wote wakakimbilia nje, wakakataa kurudi.

Hiyo ikaitwa mgomo, na yeye akaitwa mchochezi. Polisi wakamchukua.

"Waliniachilia kwa sharti," alisema. Alikuwa anatazama ukucha wake. "Nisimame mahali pa kupakilia malori, mbele ya wote, niseme boila ilikuwa nzima na mimi ndiye nilikosea. Nikasema. Meneja akasema hawajasikia vizuri kule nyuma, nirudie. Nikarudia, Njambi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya kunioa.

"Ulikuwa unanitazama kama mtu mkubwa," alisema. "Nilipenda kutazamwa hivyo."

Kavetsa, nililia mpaka unga wa mahindi ukanishika usoni. Nilikuwa nimelala na shaka kitanda kimoja wiki nzima, kumbe mtu mwenyewe ni huyu. Lakini tazama tulipofika: wanaijua habari ya boila. Wamemuuliza mara mbili, wamekuja mpaka nyumbani. Akisema kweli, amevunja sharti lililomtoa na wanaweza kumrudisha ndani. Akikataa, pengine wanamjua ni mwongo. Na nani aliyewaambia? Mimi najua nani. Kuna mtu ukutani.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua limerudi, tulianika mahindi upya. Elphas alikwenda kusaga. Simeon akaja, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupukuchua bila kuambiwa, beji ikimetameta. Sikumjibu salamu.

"Shemeji," alisema, "mbona unanitazama kama mtu aliyekula kuku wako?"

Nikamwambia wazi. Kwamba nilimwona kwenye gari la kijivu. Kwamba ukuta wetu una masikio, na sasa nimejua yanaitwa nani.

Hakukasirika. Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa. "Ni mimi nilimwambia," alisema. "Habari yote, mpaka waya."

Nilikuwa na mchi karibu, nakuapia.

Akaendelea kupukuchua na kueleza. Bwana Kimeli alikuwa amekaa kwenye hoteli ya chai ya nje ya geti, akiuliza wafanyakazi kama kuna mtu hapa aliyewahi kuzima mtambo mkubwa akikataa amri. Wote walinyamaza. Simeon naye alinyamaza, kisha akamfuata nje akamuuliza anataka mtu huyo wa nini. Kimeli akamwambia kule kwenye shimo la mafuta kuna sheria moja: yeyote anayeona hatari lazima asimamishe kazi, awe mfagiaji, awe injinia, hata mkubwa akipiga kelele. Mwaka jana mahali fulani watu waliona, wakaogopa mkubwa, wakaungua. Sasa wanatafuta mtu asiyeogopa, na kila wanayemhoji huku kwetu anaapa kwamba yeye hufuata amri.

"Wanamngojea aseme mwenyewe," alisema Simeon. "Wao wanagonga mlangoni, yeye anaitikia dirishani. Na wewe juzi, nasikia, umeongeza kufuli."

Nikamuuliza, na kama ni uongo? Kama ni mtego?

"Basi watachukua mimi kwanza. Mimi ndiye nilifungua mdomo."

Nikatazama beji yake. Akaifunika kwa kiganja, akacheka kidogo. "Hii? Mtu mwenye jina la watu wa ziwa kama langu hapa Eldoret, tangu lile jaribio la kupindua serikali mwaka wa themanini na mbili, bila hii hata mlinzi wa geti anakuuliza baba yako alizaliwa wapi. Wewe unaona macho, shemeji. Mimi naona mwavuli."

Tulipukuchua mpaka vidole vikauma. Siku ile ya mvuke yeye alikuwa ofisi ya karibu na boila. Ingepasuka, asingekuwa hapa akipukuchua.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia Elphas yote. Amesema, "Simeon ni mtu mzuri, na watu wazuri ndio wanatumiwa." Tumekwenda kanisani, tumerudi. Mawingu.

Jumanne, 11 Novemba

Intavyu ya tatu, na ya mwisho. Nilipiga suti pasi kwa mkaa, nikalifikia sanduku, nikafungua ile leso. Sikufanya kwa siri. Nimechoka na siri, Kavetsa, mwezi mmoja zimenizeesha. Nilimwita aone, nikautia waya mfuko wa kulia, pamoja na vile vikaratasi.

Nikamwambia, "Mimi sijui kama ni watu wa mafuta au ni polisi. Ukitaka kuutoa, utoe. Usipotaka, rudi nao, nitakupikia, hatutauzungumza tena mpaka kufa."

"Na wakinichukua?"

Nikasema nitamletea chai kila siku na nitawaambia hata wao kwamba boila ilikuwa mbovu.

Alinitazama sana. Sasa nilikuwa mimi ninayetazamwa kama mtu mkubwa, na kumbe ni kweli, mtu anapenda.

Akaondoka. Mvua ikaja saa sita. Nilipukuchua mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilikuwa gari lao. Saa tisa ikapita, saa ambayo hurudi. Saa kumi Simeon alirudi kutoka kazini, akanitazama, akakaa kwenye ndoo yake bila kuvua koti lililolowa. Ndipo nikajua kwamba kama ni mtego, yeye hakuwa aliyeutega.

Elphas alikuja akitembea katikati ya barabara, amelowa, amevaa viatu ndani ya tope lote lile kama mtu asiye na habari ya viatu. Nikaingiza mkono wangu mfukoni mwake kabla hajafika mlangoni. Vikaratasi tu, vimekuwa uji.

"Waya uko wapi?"

"Mzungu ameomba abaki nao," alisema. "Ameuweka mezani mbele yake. Alikuwa anaugusa kila nikisema." Kisha akakaa chini mlangoni, kwenye maji, akasema, "Nimewaambia boila ilikuwa mbovu, Njambi. Hakuna aliyeniambia nirudie."

Jumatano, 12 Novemba

Kimya. Mvua.

Jumamosi, 15 Novemba

Kimya. Elphas amesema pengine amejimaliza. Kiwandani meneja alimwangalia kwa muda, au aliona hivyo. Mama wa ndizi alipita, nikajificha chooni. Hata mimi nimejidharau.

Jumatano, 19 Novemba

Hakuna. Nimefunga mkoba wenye blanketi na sabuni, nikauweka karibu na mlango. Elphas aliuona, akaongeza ndani mswaki wake.

Jumamosi, 22 Novemba

Gari la kijivu. Safari hii nilikwenda mwenyewe mpaka dirishani.

Bwana Kimeli alishuka, akauona mkoba ulipo, akauelewa. Uso wake ulibadilika. Akavua ile kofia kwanza, ndipo akasema kazi ni ya Elphas, anaanza tarehe moja. Elphas alishika nguzo ya mlango. Simeon, kutoka upande wa pili wa ukuta, alipiga mbao mara moja kwa ngumi.

Nilimpa chai. Akaniambia, "Mama, siku ile ulinidanganya vizuri sana. Nilirudi nikawaambia, huyu hatufai, hata mke amefundishwa." Nikamwambia naye alinibebea mahindi vizuri sana, nikajua ni kachero. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hakutushangaa. Hata mama yake mzazi, akimtembelea na gari hilo, majirani hufunga milango.

Jumatano, 3 Desemba

Ameondoka Jumatatu. Nyumba imekuwa kubwa. Nimelala na ovaroli yake, ucheke ukitaka. Kwenye sanduku hakuna waya, suti tu, nami kila nikipita naigusa bega.

Leo mama wa ndizi hakunipa nafasi ya kukimbia. Aliweka kikapu chini mlangoni. Akasema umejifungua, mtoto wa kiume, na kwamba hukunitumia salamu safari hii, umetuma swali. "Anauliza alikukosea nini."

Nilisimama pale na ndizi mkononi. Mwezi huu mzima nimemsifu Elphas kwa kukata waya, na wangu nimeufunga mwenyewe, nikausokota vizuri. Labda bwana yako aliuliza kwa ubaya. Labda aliuliza kwa sababu alitaka kujua rafiki wa mkewe ameolewa na nani, kama Baba anavyouliza kila mtu. Sijui. Kwenye barua sitajua.

Nimemwambia mama wa ndizi akufikishie: mahindi yamekwisha, barabara imekauka, na Krismasi hii Elphas yuko kazini. Kabla mwezi haujaisha nitakuja Turbo na daftari hili. Nitamshika mtoto, nitakaa mbele ya bwana yako akiwa na chai yake, nitamuuliza kwa mdomo wangu kwa nini alitaka kujua. Halafu utalisoma lote, kuanzia mwanzo, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo nikikutazama.